Mutoto Asiyetulia na Kijana Asiyelala



Niliwaahidia kwamba mwezi huu tutazungumza juu ya mahari. Mahari itangoja. Nimepata barua ya mama mumoja wa kambi ya wafanyakazi, na barua hii haiwezi kungoja. Sitaji jina lake wala muji wake. Anaandika hivi:

"Pasta, mutoto wangu eko na myaka tisa. Hajui kutulia, tangu alianza kutembea ni vile. Mu kalasi anasimama, anazunguka, anachokoza benzake na biki, mwalimu anamufukuza. Ku nyumba ukimutuma chumvi, anarudia bila chumvi na bila feza. Sasa jamaa ya bwana wangu wanasema: huyu amekamata ugonjwa ya mujomba wake. Kaka yangu alikuwa fundi ya kushona, mutu mupole. Mwaka niliolewa njo alianza kugonjwa kichwa: halali, anatembea busiku anahubiri mu barabara, anagawa bitambaa ya batu bure. Kisha anafunga mulango miezi mibili, hata sasa amefunga. Banataka kupeleka mutoto ku chumba ya maombi, bamufunge kule mupaka pepo itoke. Pasta, ni ugonjwa moja? Nifanye nini?"

Mama, nianze na jibu kusudi usilitafute mupaka mwisho. Mimi si munganga, na mutoto sijamuona. Katika shule ya Biblia walitufundisha namna ya kuhubiri na namna ya kuzika, lakini juu ya magonjwa ya akili hatukupata hata saa moja. Hata hivi ninaweza kukuambia kwamba hali hizi mbili ulizoandika hazifanane. Barua yako mwenyewe inaonyesha tofauti, na nitakuonyesha ni katika maneno gani. Kwanza ninapashwa kuungama neno, kwa sababu yale ninayojua niliyajua kwa njia ya kosa langu.

Katika mwaka 2017 tulikuwa na kijana katika kwaya yetu. Alikuwa na miaka 22, alikuwa anachimba katika kariere pamoja na ndugu zake. Kijana mupole, asiye na maneno mengi. Mwezi wa saba, katikati ya kipwa, akageuka. Saa tisa ya usiku alikuwa anapiga hodi kwangu na wimbo mupya. Kesho yake nyimbo tatu. Alikuwa analala saa mbili tu, na asubui hakuchoka, alikuwa na nguvu kutupita sisi wote. Alisema mbiombio, neno moja linasukuma lingine. Sisi tukafurahi! Mimi mwenyewe nilisema mbele ya kanisa: "Muangalie moto wa kijana huyu," nikamupa mimbari siku ya Mungu.

Juma la pili akauzisha kinga ya baba yake na manjanja 12 yaliyokuwa yanangoja nyumba kujengwa. Alisema ameonyeshwa shimo lenye kobalti isiyoisha, na atalipa madeni ya watu wote wa kanisa. Wazee walipomushauri, akawatukana. Hapo tukageuza maneno yetu: jana moto wa Roho, leo pepo. Tukamufungia siku tatu bila chakula, bila maji, tukiimba usiku kucha kusudi asilale. Nyuma yake munganga mumoja aliniuliza kwa upole kama nilijua kwamba kumunyima usingizi mutu wa hali ile kunazidisha ugonjwa. Sikujua.

Mama yake ndiye aliyemutoa kwetu na kumupeleka lopitali. Alipata dawa, akalala, akili zikarudia. Ningeweza kunyamaza hapo, lakini kosa langu kubwa lilikuwa bado. Miezi mitano ilipopita, siku ya mukutano mukubwa, nilisema mbele ya watu kwamba mwenye imani hana lazima ya vidonge. Sikumutaja jina. Kila mutu alijua ni nani. Naye akatupa vidonge vyake. Mbele ya Pasaka alikuwa tena barabarani usiku, kiisha akaanguka upande wa pili: wiki nane za huzuni. Alilala muchana kutwa, hakula bukari, hakuoga, alisema yeye ni muzigo kwa mama yake. Mara moja alijaribu kujiua. Mutoto wa dada yake ndiye aliyepiga kelele, watu wakafika.

Leo ana muke na watoto wawili, na anakunywa dawa yake kila siku. Ni yeye aliyeniruhusu kuandika haya. Alisema: "Pasta, andika yote, pia ile ya vidonge."

Ugonjwa huu wanganga wanauita bipolari, ni kusema ugonjwa wa ncha mbili. Kuna wakati wa kupanda: mutu anajaa nguvu ao kasirani, halali na hachoki, anajiona mukubwa, anatawanya feza, anatafuta wanawake ao wanaume bila kufikiri. Kusudi wanganga waite hali hii wakati wa kupanda kwa kweli, inapashwa kudumu karibu siku zote katika juma moja ao zaidi, isipokuwa kama ni kali sana hata mutu anawekwa lopitali mbele ya juma kuisha. Kuna pia kupanda kudogo, kwa siku nne ao zaidi, ambako watu wanasifu kwa sababu kunafanana na bidii. Na kuna wakati wa kushuka, wiki mbili ao zaidi, mara nyingi miezi. Katikati ya ncha hizi mutu anaweza kuwa muzima, anafanya kazi yake, anaimba katika kwaya. Mara nyingi ugonjwa unaanza katika ujana, kwa miaka 15 mupaka 25 hivi. Katika mutoto mudogo ni neno la mara chache sana. Shirika la Afya la Dunia lilihesabu kwamba katika mwaka 2019 watu karibu milioni 40 walikuwa nao.

Tena kuko hali ingine, ambayo wanganga wetu wanaita kwa kifupi cha Kifaransa TDAH. Hii haianze siku moja. Mutoto anakuja nayo. Ni namna ubongo wake unavyokomaa, na alama zake zinaonekana mbele ya miaka 12. Hawezi kushika akili kwa neno moja, anasahau, anapoteza kalamu na viatu, anajibu mbele ya swali kuisha, miguu yake haijui kukaa. Inapashwa kuonekana pahali pawili ao zaidi, si kwa mwalimu mumoja tu: kama mutoto anasumbua katika masomo lakini kwa nyumba na kwa kanisa yuko sawa na wengine, tuangalie kwanza mwalimu, ao wingi wa watoto katika kalasi. Katika watoto 100, karibu 5 wako hivi. Wasichana tunawasahau, kwa sababu wengi wao hawarukiruki. Wanakaa kimya wanaangalia dirisha, na sisi tunasema ni wavivu.

TDAH haitoke kwa malezi mabaya wala kwa laana. Mara nyingi inatembea katika jamaa, na ukiuliza babu utasikia kwamba baba ya mutoto pia alikuwa vile. Katika shule ya Biblia nilikuwa na rafiki aliyepoteza Biblia mara tatu katika mwaka mumoja, na mitihani aliandika nusu tu, si kwa sababu hakujua, lakini alisahau kugeuza karatasi. Leo ni mwinjilisti muzuri sana, na muke wake ndiye anayeshika feza. Kwa wengi hali hii inaendelea katika utu uzima. Kuruka kunapunguka, kusahau kunabaki.

Sasa, mama, soma tena barua yako. Juu ya mutoto umeandika: tangu alianza kutembea ni vile. Juu ya kaka yako umeandika: alikuwa mutu mupole, na mwaka ulioolewa njo alianza. Kwa kaka yako kuna mbele na nyuma. Unaweza hata kutaja mwaka. Kwa mutoto hakuna siku ambayo unaweza kusema: jana alikuwa mwingine. Hili ndilo neno ninaloomba kila baba na mama washike. Tukiona mutu anasema sana, anatembeatembea, anakata wenzake maneno, tunauliza: anafanya nini? Lakini kwa swali hilo wote wawili watafanana, hata munganga anaweza kukosea. Swali ni: alianza lini, na mbele ya hapo alikuwa mutu wa namna gani?

Usingizi pia unasaidia kutenganisha. Mutoto wa TDAH anaweza kusumbua kulala, anageukageuka juu ya kitanda, lakini kesho yake amechoka na anasinzia juu ya kaye. Mutu aliyepanda na bipolari analala saa mbili ao tatu, na kesho yake anawaamusha ninyi. Angalia tena kasirani. Mutoto wako akinyimwa mupira atalia na kupiga mulango, na nyuma ya nusu saa anacheka. Kasirani yake ina sababu na inapita. Ile ya bipolari inaweza kushika siku nyingi, na hakuna aliyemunyima kitu. Na mutoto wa TDAH anayesahau chumvi hajione yeye ni mufalme. Mara nyingi anajiona mujinga, kwa sababu tumemuambia hivyo kila siku.

Sitaki kukudanganya, mama. Bipolari nayo inatembea katika jamaa, na mutoto mwenye mujomba mugonjwa ana nafasi zaidi kidogo kupita mutoto mwingine. Lakini wengi wa jamaa za wagonjwa hawaupate hata siku moja. Tena kuko watu walio na hali zote mbili pamoja. Kwa hiyo, akifika miaka 15 ao 18, na siku moja uone kitu kipya, asiyelala na hachoki, ao aliyejifungia na kulia, usiseme "ni ile ile ya utoto". Umupeleke.

Kwa nini ninakazia kutenganisha? Kwa sababu dawa ya moja inaweza kuwa sumu ya ingine. Kuna dawa ya TDAH inayoitwa metilfenidate. Inasaidia watoto wengi, lakini mutu wa bipolari asiyetulizwa kwanza na dawa yake anaweza kupanda zaidi akiipata. Dawa za huzuni vilevile: ukimupa mutu wa bipolari hizo peke yake, bila ile inayoshika ncha zote mbili, zinaweza kumurusha juu. Musinunue vidonge hivi kwa wale wanaotembeza dawa katika soko, hata kama muuzaji ni ndugu katika imani.

Na hapa kuna neno litakalowashangaza ninyi wachimbaji. Munajua Manono, katika Tanganyika. Tangu zamani za Wabeleji walichimba kule bati, na leo dunia nzima inatazama litiamu yake juu ya batri za motokari. Chumvi ya litiamu ile ile ni dawa ya bipolari! Munganga mumoja wa Australia, John Cade, aliijaribu kwa wagonjwa 10 waliokuwa wamepanda, akaandika habari yao katika mwaka 1949, na mupaka leo ni moja ya dawa bora za ugonjwa huu. Lakini musikie vizuri: mawe ya kariere si dawa. Mutu asisage jiwe na kulitia katika maji ya mugonjwa. Litiamu ya lopitali inasafishwa na kupimwa, na mwenye kuikunywa anapashwa kupimwa damu, kwa sababu kati ya kipimo kinachoponya na kipimo kinachoua hakuna nafasi kubwa. Anayetoka jasho sana katika shimo, ao anayeharisha, ao kutapika, litiamu inaweza kuzidi katika damu yake. Mikono ikianza kutetemeka sana na miguu kuyumba, aende lopitali saa ile ile. Pahali hakuna mashini ya kupima damu, wanganga wanachagua dawa ingine, kama karbamazepine. Kuna na valproate, lakini hiyo isipewe mwanamuke anayeweza kupata mimba, kwa sababu inaharibu mutoto tumboni.

Mbele ya kusema TDAH ao bipolari, munganga atatafuta kwanza mambo mengine. Malaria ya kichwa inaweza kumufanya mutu apayuke kwa siku moja. Kifafa kingine hakiangushe mutu. Kinamufanya atazame tu na asisikie. Masikio yenye usaha yanafanya mutoto aonekane mukaidi. Kwa vijana, bangi na lutuku. Na kwa sisi wa nchi ya madini kuna plombo, ile nzito ya batri: inaingia katika mutoto kwa njia ya mavumbi na mikono, inaharibu akili na uwezo wa kutulia. Kabwe, kule Zambia, mugodi wa plombo ulifungwa katika mwaka 1994, na mupaka leo udongo wake unadhuru watoto. Baba anayeyeyusha batri za zamani ndani ya lupango, anapashwa kuacha kazi hiyo pale watoto wanapocheza.

Juu ya mutoto wako, mama, kuko kazi ya kuanza kesho bila feza. Umutume neno moja, si matatu: "Lete chumvi." Akirudi na chumvi, umusifu palepale, si jioni. Feza uifunge katika kitambaa pamoja na kipande cha karatasi. Uende kwa mwalimu, si kwa kugombana, umuombe akae mbele, mbali na mulango, na awe yeye anayefuta ubao na kugawa kaye kusudi miguu yake ipate kazi yenye faida. Masomo ya nyumbani, dakika 10, kisha akimbie kuzunguka lupango, kisha 10 tena. Fimbo haifundishe ubongo kushika neno, inamufundisha kuficha. Najua watu wa zamani watanichukia juu ya sentensi hii.

Juu ya chumba cha maombi ninajibu kama muchungaji, na ninataka jamaa ya bwana wako wasome. Ombeni kwa ajili ya mutoto, mumuwekee mikono, na mimi nitaomba pamoja nanyi. Lakini kufunga mutoto kamba, kumunyima chakula na usingizi, hapana. Na kama kuna mutu anayeanza kunongona neno la bulozi, ajue kwamba sheria ya nchi yetu ya tarehe 10 mwezi wa kwanza 2009 juu ya ulinzi wa mutoto inatia azabu ya kifungo kwa mwenye kusingizia mutoto bulozi. Baba mukwe asipokubali, anitafute. Nitamusimulia habari ya kijana wa kwaya yetu, mwenyewe kwa mwenyewe.

Anza na santeri ya afya iliyo karibu. Kama wanashindwa, katika Lubumbashi kuko lopitali ya magonjwa ya akili yenye jina la Dr Joseph Guislain, ya watawa wa Frères de la Charité. Ndiyo, ni ya Wakatoliki. Kule hawaulize kadi ya ubatizo. Mbele ya kwenda, ununue kaye ndogo. Kwa siku 30 uandike kila jioni: alilala saa ngapi, aliamuka namna gani, alikasirika juu ya nini na kwa dakika ngapi. Mwalimu naye aandike mistari miwili. Kaye hiyo itamusaidia munganga kupita maneno yote ya majirani.

Na sasa neno la mwisho, ambalo wewe haukuuliza. Barua yako yote ni juu ya mutoto, lakini katika hawa wawili, mutoto anaweza kungoja siku 30. Kaka yako hapana. Uliandika kwamba amefunga mulango hata sasa. Haukuandika nani anamupelekea chakula, wala kama amewahi kuona munganga. Katika saa hii ya kushuka ndipo tulipokaribia kumupoteza kijana wetu. Umwendee leo, mama, usiende peke yako. Ubishe mpaka afungue, ukae naye chini, na umuulize wazi kama anafikiri kufa. Kumuuliza hakumutie wazo lile katika kichwa. Kunamupa nafasi ya kulisema. Akisema ndiyo, usimuache peke yake hata usiku mumoja, ondoeni kamba na dawa za panya katika nyumba ile, na asubui mupande naye motokari ya kwenda lopitali. Kama tiketi inakosa, mashemasi wa kanisa lako wana sanduku la wagonjwa. Waonyeshe ukurasa huu.